Nani humchagulia daktari ubingwa wake?

Muulize mwanafunzi wa udaktari aliye mwaka wa kwanza pale Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma anataka kuja kuwa daktari wa nini, jibu utalipata hapo hapo: moyo, ubongo, upasuaji, watoto. Mrudie akiwa mwaka wa tano. Sasa anaanza na "inategemea". Inategemea ajira zitatoka lini, nani atamlipia ada, kama mwajiri atampa ruhusa ya masomo, na kama yule profesa aliyempenda bado atakuwa anafundisha.

Kilichotokea kati ya majibu hayo mawili ndicho ninachotaka tukitazame. Kwenye mahafali na makongamano ya madaktari kuna ombi linalorudiwa mara kwa mara: vijana wakasomee fani zenye uhaba, yaani usingizi na ganzi, magonjwa ya akili, patholojia (kupima vinyama vya mwili maabara), radiolojia (kusoma picha kama za eksirei). Vijana wanapiga makofi. Maombi ya ubingwa yakifunguliwa, wengi wao wanakwenda kule kule kwenye upasuaji, magonjwa ya wanawake na uzazi, watoto na magonjwa ya ndani. Kisha wanalaumiwa kwamba wanafuata pesa na wamekosa wito.

Lawama hiyo siikubali. Kijana anachagua katika vile alivyoonyeshwa, na katika hivyo anabaki na vile anavyoweza kuvimudu. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutonunua kisicholetwa gengeni. Na wanaoleta ni sisi wakubwa: vyuo, hospitali, wizara, na wote wanaotoa ufadhili wa masomo. Nchi yenye uhaba wa madaktari wa usingizi imeutengeneza uhaba huo kwa ratiba zake na kwa bajeti zake, hata kama hakuna aliyekaa akakusudia.

Turudi nyuma hadi kidato cha sita. Kwetu mtoto wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akipata ufaulu wa juu, ni wachache wanaomuuliza anataka nini. Shule imeshamhesabu daktari, shangazi ameshaanza kumwita "dokta", na yeye mwenyewe amejaza udaktari chaguo la kwanza kwa sababu alama zake zinafika. Anaingia chuoni bila kuwahi kuamua. Miaka miwili ya mwanzo inaliwa na anatomia, fiziolojia, biokemia na mitihani isiyoisha. Mwaka wa tatu ndipo anapoingia wodini kweli kweli. Akimaliza mwaka wa tano anakwenda mwaka mmoja wa utarajali, kazi ya mafunzo hospitalini, akiwa wa kwanza kuitwa usiku na wa mwisho kulala. Kwa hiyo kuchagua ubingwa, kwa vijana wengi, ndio uamuzi wa kwanza mkubwa wa kazi ambao ni wao wenyewe wanaoufanya, na wanaufanya wakiwa wamechoka na hawana kitu mfukoni.

Anaamua kwa ushahidi gani? Kwa wodi nne kubwa. Magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya muda wake akiwa mwanafunzi, na ndizo hizo hizo zinazoujaza mwaka wa utarajali. Fani nyingine zinapewa wiki chache, na wiki hizo mara nyingi mwanafunzi anazitumia kujisomea mtihani wa wodi kubwa inayofuata. Patholojia anakutana nayo mapema, kabla hajamgusa mgonjwa, kama picha za seli kwenye darubini na majina ya kukariri. Inakuwa ni somo la kufaulu. Haimjii kama kazi ya mtu. Hamwoni mama aliyechukuliwa kipande cha nyama kwenye titi akisubiri jibu, wala haoni kwamba kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambako sehemu kubwa ya wagonjwa hufika saratani ikiwa tayari hatua ya tatu au ya nne, hawawezi kumwanzishia dawa mpaka mtu mmoja akae na darubini na aandike huu ni uvimbe wa aina gani. Angemwona huyo mama kwanza, halafu akapelekwa maabara kufuata kinyama chake, nina hakika baadhi yao wangebaki huko huko.

Usingizi ndiyo fani inayonisumbua kuliko zote. Ingia thieta ya hospitali yoyote ya kufundishia siku ya upasuaji wa uzazi. Mama ameketi ukingoni mwa meza, ameinama, amekumbatia mto. Daktari wa usingizi anapapasa mgongo kwa kidole gumba, anatafuta nafasi kati ya pingili mbili, anachoma. Anamlaza haraka. Muda mfupi baadaye anamgusa tumboni kwa pamba yenye spiriti: "Mama, unasikia baridi hapa? Na hapa?" Presha inaanza kushuka, na yeye anaiona kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Anaongeza kasi ya dripu, anachoma dawa, anamwambia mama kwa sauti ya chini avute pumzi taratibu, kichefuchefu kitapita. Haya yote yanatendeka upande wa kichwani. Mwanafunzi yuko upande wa pili wa pazia, amevaa glovu, ameshika chuma cha kupanua kidonda, macho yake yako kwenye mikono ya mpasuaji. Hakuna aliyemwita aje asimame kichwani. Mtoto analia, watu wanapongezana. Nje ukumbini ndugu wanainuka kwenye mabenchi: "Dokta aliyemzalisha ni yupi tumshukuru?" Wanaonyeshwa mpasuaji. Aliyekuwa ameshikilia uhai wa mama wakati wote huo anapita pembeni yao, anasukuma machela kwenda chumba cha uangalizi.

Mwanafunzi ameyaona yote hayo. Hajaambiwa na mtu kwamba daktari wa usingizi ni mdogo kuliko mpasuaji, lakini ameshajifunza.

Tuitazame hesabu. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Maana yake tungehitaji madaktari wa usingizi zaidi ya 3,000, na kila anayefanya kazi hospitalini anajua tulivyo mbali na hapo. Katika hospitali nyingi za wilaya kazi hii inafanywa na wauguzi waliosomea usingizi, watu wa kuheshimiwa sana, mara nyingi mmoja au wawili kwa hospitali nzima, bila bingwa wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Na mahitaji yameongezeka. Tangu mwaka 2017 serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya na kuviwekea vyumba vya upasuaji ili mama asisafiri usiku kucha kutafuta huduma. Nauheshimu mpango huo kwa dhati. Vifo vitokanavyo na uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 vilikadiriwa kuwa 104 katika utafiti wa 2022, na vyumba vile vina sehemu yao katika mabadiliko hayo. Lakini kila chumba cha upasuaji kinachofunguliwa kinadai mtu wa usingizi, na mtu huyo haletwi na mkandarasi. Anaanza kuandaliwa siku mwanafunzi wa mwaka wa nne anapoitwa asimame upande wa kichwani.

Magonjwa ya akili yana mzigo wa ziada, nao unatoka nyumbani. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma inahudumia wagonjwa tangu enzi za Mwingereza, na jina lake limegeuzwa tusi la mitaani kiasi kwamba mtu akibishana kidogo tu anaambiwa apelekwe huko. Sasa fikiria kijana anayerudi likizo kijijini kuwaambia wazazi kwamba, baada ya ada zote zile na ng'ombe waliouzwa, anataka kuwatibu "wa Mirembe". Mama atanyamaza. Baba atauliza kama hakuna kingine. Wajomba watasema alama zake lazima zilishuka. Shinikizo hilo ni zito kuliko hotuba yoyote ya mgeni rasmi, na linawapata hata wale waliokaa na wagonjwa hao wiki chache wakagundua kwamba ndiko moyo wao uliko. Ninaowafahamu waliovuka hapo walivuka kwa sababu mwalimu fulani aliwashika mkono: aliwaita kliniki, akawaachia mgonjwa wazungumze naye saa nzima, akawapa kazi ya utafiti yenye majina yao.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye mwalimu na mahali, kwa sababu tuna ushahidi wetu wenyewe na hatuutumii.

Kabla ya mwaka 2010 hakukuwa na mwanafunzi wa udaktari Tanzania aliyeota kuwa bingwa wa magonjwa ya dharura. Asingeweza kuota, kwa sababu hakumwona hata mmoja. Mgonjwa wa ajali, wa kifafa cha mimba na wa malaria kali walipita kwenye chumba kimoja cha mapokezi, wakapokelewa na aliyekuwa zamu, kisha wakasubiri wodi. Januari 2010 Muhimbili ikafungua idara kamili ya dharura, iliyojengwa kwa msaada wa Abbott Fund, na mwaka huo huo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha pale pale, ikaanzisha masomo ya ubingwa wa fani hiyo. Waalimu wa mwanzo wengi walitoka nje. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Baada ya hapo waalimu wakawa Watanzania, chama cha kitaaluma nacho kipo, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayepita pale leo anamkuta bingwa mwenye sauti tulivu akiongoza timu kuzunguka kitanda, kila mtu ana kazi yake, mgonjwa aliyeingia akiwa hajitambui anaanza kuitika jina lake. Nenda kawaulize wanafunzi wa pale sasa. Utakutana na wanaotaja dharura bila kusita.

Vijana wa kabla ya 2010 na wa sasa ni wale wale, wametoka shule zile zile na familia zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mahali, mwalimu, na nafasi ya masomo iliyolipiwa. Vitu hivyo vilipokutana, fani ambayo haikuwepo ikazaliwa na kuota mizizi ndani ya miaka michache. Na ilikuwa bahati njema, kwa sababu mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulipokuja mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, sehemu yake ilijenga majengo ya dharura kwenye hospitali nyingi nchini. Majengo hayo yangekuta nchi isiyo na hata mwalimu mmoja wa kizalendo wa kuyafundishia watu, kama si ule uamuzi wa 2010.

Moyo nao una hadithi inayofanana. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kujitegemea mwaka 2015. Ikawa inatangaza upasuaji wake, viongozi wanaitembelea, na mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Mohamed Janabi, akawa jina linalojulikana hadi kwa wasiowahi kukanyaga hospitali, kabla ya kwenda kuiongoza Muhimbili na, mwaka 2025, ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Mwaka 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Sasa hesabu ni vijana wangapi walikuwa sebuleni wakitazama taarifa hizo pamoja na wazazi wao. Hakuna ubaya, na ninajivunia kwamba mgonjwa wa moyo hahitaji tena kusubiri ndege ya India kwa kila kitu. Ila nguvu ile ile ya kuonyesha ingeweza kuelekezwa kwa makusudi kwenye patholojia na usingizi. Hakuna upandikizaji wa figo unaofanyika bila mtu wa usingizi. Kamera haikumgeukia tu.

Tufike kwenye pesa, maana ndipo wengi wanapokwama hata wakiwa wameshapenda.

Binti mmoja wa mwaka wa tano, mwenye kichwa kizuri sana, alinieleza vizuri kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Alinisalimu, tukazungumza mambo ya mitihani, nikamuuliza anafikiria nini baadaye. "Dokta, mimi moyo wangu uko kwenye magonjwa ya akili," akasema. "Ila baba amestaafu na wadogo zangu bado wako sekondari. Nikikosa ajira na akili zangu hizo, nitafanya nini? Nikisoma wanawake, hata ajira ikichelewa sitakosa kliniki ya jioni." Nikamuuliza kama kuna mtu chuoni amewahi kumweleza njia za ufadhili. Hakuna.

Binti huyo hajakosa wito. Amepiga hesabu ambayo mtu mzima yeyote angepiga. Miaka ya karibuni madaktari wengi wamekuwa wakimaliza utarajali na kukaa mtaani wakisubiri kibali cha ajira, wengine wakijitolea hospitalini kwa posho ndogo ili mkono usisahau kazi. Aliyebahatika kuajiriwa halmashauri anaanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kisha asubiri zamu yake ya kuruhusiwa kwenda masomoni; na mganga mkuu wa wilaya mwenye madaktari watatu ana kila sababu ya kusita kumwachia mmoja kwa miaka mitatu. Asiyeajiriwa anatafuta ada ya ubingwa kwa ndugu. Mtu anayesomeshwa kwa michango ya ukoo hawezi kwenda kusomea kitu ambacho ukoo haujakisikia.

Kuna jambo kuhusu mfumo wetu ambalo hatulisemi kwa sauti. Daktari anayesoma ubingwa Tanzania ni mwanafunzi anayelipa ada, wakati huo huo ndiye anayelala wodini, anayefanya upasuaji wa usiku, anayewafundisha wadogo zake na kuandika mafaili. Marekani, tangu sheria ya 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, serikali inachangia gharama za kuwafundisha madaktari wa ngazi hiyo na wao wanalipwa mshahara kama wafanyakazi. Hata nafasi zao zinagawiwa kwa mpango mmoja wa kitaifa ulioanza 1952, na kila Machi kila mmoja anajua anakwenda wapi. Wao wana matatizo yao, ikiwemo madeni makubwa ya masomo, na sitaki tuwaige kila kitu. Lakini kijana wa huko anapochagua fani haulizwi kwanza kama ana mjomba mwenye uwezo.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kilianzishwa 1999 kwa wazo rahisi: daktari abaki ameajiriwa kwenye hospitali iliyoidhinishwa, afundishwe na mabingwa wa hapo, afanye mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Anasoma akiwa na mshahara, na hospitali haimpotezi. Madaktari wa magonjwa ya ndani na wa usingizi katika kanda hii nao wameunda vyuo vya namna hiyo. Kwa fani zenye uhaba, hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa sababu inaondoa lile swali la ada na inamfundishia daktari mahali atakapofanya kazi.

Wakenya wametuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56 kuanzia katikati ya Machi, kiini chake kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari tarajali: serikali ilitaka kuwalipa shilingi za Kenya 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 zilizotokana na makubaliano ya 2017. Kijana anayeanza kazi kwa kuonyeshwa kwamba hesabu yake inaweza kupunguzwa hadi theluthi hatakwenda kuchagua fani isiyo na kipato cha pembeni.

Kipato hicho cha pembeni kinaeleza mengi. Daktari wa wanawake, wa watoto au wa magonjwa ya ndani anaweza kukodi chumba Sinza au Mbezi, akaweka kibao, akaona wagonjwa jioni. Daktari wa usingizi hana kibao. Anategemea thieta ya mtu mwingine. Mpatholojia anahitaji maabara yenye mashine. Bei za Bima ya Afya nazo zinampa bingwa malipo ya ushauri yaliyo juu ya daktari wa kawaida, na bobezi juu ya bingwa, jambo la haki kabisa, ila zinamnufaisha zaidi anayekaa ana kwa ana na mgonjwa. Serikali ikishaanza kuitekeleza kikamilifu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, jedwali la bei litakuwa na nguvu ya kuwaelekeza vijana kuliko wizara inavyodhani. Wanaoliandika walijue hilo.

Kwa mabinti kuna suala jingine juu ya hayo. Miaka ya kusomea ubingwa inaangukia kwenye miaka ya kuolewa na kuzaa, na bado wapo mabingwa wa upasuaji wanaomuuliza binti mbele ya wenzake kama ana mpango wa kupata watoto. Kijana wa kiume haulizwi. Nimeona wasichana wenye mikono mizuri sana thieta wakihamia fani nyingine baada ya mwaka mmoja wa maneno hayo, na wakisema tu kwamba "upasuaji haukuwa wangu". Inaniuma kila mara. Chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kipo tangu 1987 na kampeni zake za uchunguzi wa saratani ya matiti zilionyesha nchi nzima daktari mwanamke akiongoza. Idara za upasuaji zingeweza kuanza na jambo dogo kama kupanga ratiba ya zamu inayojua kwamba kuna mtu ananyonyesha.

Serikali imeshachukua hatua upande wa ufadhili. Mpango wa ufadhili wa ubingwa na ubobezi unaobeba jina la Rais Samia umewapeleka madaktari masomoni ndani na nje ya nchi, na tangu 2024 kambi za madaktari bingwa zimekuwa zikizunguka kwenye halmashauri. Kambi zile zina faida moja ambayo sijasikia ikizungumzwa: zinamfikisha bingwa mbele ya madaktari wachanga walioko wilayani, ambao hawajamwona bingwa tangu watoke chuoni. Daktari wa zamu aliyekaa kichwani mwa mgonjwa pamoja na bingwa wa usingizi kwa wiki moja ana sababu ya kuifikiria fani hiyo. Kambi ikipita na kuondoka bila kumwachia hata namba ya simu, nafasi hiyo imepotea.

Ninachoomba kinawezekana ndani ya bajeti tulizonazo. Vyuo vimpe mwanafunzi wa mwaka wa nne wiki zake za usingizi na za patholojia mbali na mtihani wa wodi kubwa, na zihesabiwe kwenye alama, kwa sababu mwanafunzi wa Kitanzania anakiheshimu kinachohesabiwa. Orodha ya ufadhili itoke mapema, wakati daktari tarajali bado yuko wodini, na isiishie kutaja fani. Iseme nafasi hii ya usingizi ni ya hospitali fulani ya mkoa, mshahara utaendelea, ukimaliza utarudi pale na utakuta mashine mbili za usingizi na muuguzi wa usingizi anayekusubiri umfundishe. Tangazo kama hilo libandikwe kwenye ubao wa kila hospitali inayopokea watarajali, na mganga mfawidhi alisome mbele yao kwenye kikao cha asubuhi, ili yule binti wa magonjwa ya akili naye aone namba ya nafasi yake na tarehe ya mwisho ya kuomba.